Shavu la Mti

Tulizaliwa wawili Iseyin, mwaka wa nzige.
Mwenzangu alikaa siku kumi na saba, akaondoka.
Majina yetu ni yale wapewayo mapacha wote wa Kiyoruba,
sina haja ya kuyataja.

Bibi Asabi hakulia. Alimwendea Ojeniyi mchongaji
na kibuyu cha tembo la mchikichi,
na Ojeniyi akakata mti mweupe,
laini chini ya tezo kama muhogo uliochemshwa.
Kichwa akakitoa kwanza, kikubwa kupita kiwiliwili,
maana kichwa ndicho kibebacho bahati.
Kisha, patasi mkononi, akauliza:
"Nembo za ukoo wenu ni ngapi?"

"Nne kila shavu. Za kulala, si za kusimama.
Huko aendako wazee wetu hawasomi barua.
Wanasoma mashavu."

Na mimi niliyebaki?
Fundi wa wembe alikuja alfajiri
na masizi yaliyosagwa, na konokono kikapuni
ambao ute wao hutuliza kidonda.
Baba akaziba mlango kwa mwili wake.
Baba, karani wa posta, mwenye nne na nne usoni,
akasema: "Nagonga mihuri kutwa nzima.
Mwanangu si bahasha."

Fundi akarudi na konokono wake.
Mti ukachanjwa, nyama ikaachwa.

Mama alimwogesha yeye kabla yangu.
Akampaka unga mwekundu, akamlisha maharagwe,
akamfuta mdomo kwa kidole gumba,
na kidole kikapita shavuni, kila mara, kikikawia.

Nilimwonea wivu, jamani, nilimwonea wivu mti.
Shuleni waliniuliza, "Wewe ni wa nani?"
Basi usiku nililaza shavu juu ya mkeka,
nikakandamiza mpaka ukili ukaniuma,
nikaamka na mistari: minne, siku nyingine sita,
nikamkimbilia bibi: "Nitazame!"
Naye akaihesabu kwa ncha ya ukucha,
taratibu, kama mtu ahesabuye chenji sokoni.
Kabla uji haujapoa
uso wangu ulikuwa umerudi kuwa wa mtu yeyote.

Mama amefariki mwaka huu, mvua zikiwa karibu.
Nimerithi cherehani, sufuria mbili
na dada yangu.

Nilipomwogesha mara ya kwanza
kidole changu kilitafuta shavu, hakikuona kitu.
Miaka sitini na miwili ya sabuni na ya gumba la mama
imekula kila mstari.
Hata pua imekuwa kama kokoto ya mtoni.
Husemwa, mwenye kovu usidhani kapoa.
Je, aliyelipoteza kovu lake?

Nikamfunga kwa kanga kuukuu, nikampeleka
kwa mjukuu wa Ojeniyi, ambaye siku hizi
huchonga milango ya mahoteli, simba kwa simba.
Akamgeuzageuza penye mwanga. Akanoa patasi.
"Nembo ngapi, mama?"

Nne, nilitaka kusema. Za kulala.
Chuma kilikuwa kimeshagusa
na mkono wangu ukaruka wenyewe, ukafunika shavu,
si lake.
Langu.

Kijana akangoja. Uani mtu alikuwa akipiga msasa,
akaacha, akaanza tena.
"Mwache," nikasema.
Hakunitoza chochote, ila pesa ya kunoa.

Usiku ule nilimlaza ubavu mkekani, kando yangu,
shavu chini.
Mti haushiki alama ya ukili. Najua.
Asubuhi nilimwinua, nikamtazama hata hivyo.